Simama, Maji ni ya Kiunoni

Nilizaliwa Tanga, mjini kabisa, na mpaka nilipofikisha miaka arobaini na saba nilikuwa sijui kuogelea. Watu wakisikia hivyo hucheka. Wanadhani kila mtoto wa pwani hutoka tumboni akipiga mbizi. Kwetu bahari tuliitazama kutoka mbali, tukitafuna mihogo, na mama yangu alikuwa na neno moja tu juu ya maji mengi: hayana ndugu. Basi nikakua, nikaolewa, nikaja London, nikaachika, nikamlea binti yangu peke yangu huku Wembley, na katika safari yote hiyo maji yangu yalikuwa ya bafuni.

Aliyeniponza ni huyo binti. Anafanya kazi kwenye duka la viatu Stratford, na siku yangu ya kuzaliwa, mimi nikitegemea manukato, akanionyesha simu yake. Alikuwa amenilipia mafunzo ya kuogelea, ya wanawake watu wazima, kila Jumamosi asubuhi majira yote ya joto. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba maisha yangu yana vituo viwili, kazini na kitandani, na kwamba inamtia huzuni. Binti yangu Kiswahili anakisikia chote, hata ninachokinong'ona kwenye simu, lakini hujibu kwa Kiingereza. Nikimgombeza kwa Kiswahili, ananisamehe kwa Kiingereza.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa vazi jeusi lenye kisketi, la heshima, nililoagiza mtandaoni bila kujipima. Tulikuwa wanawake wachache, kila mmoja amejikumbatia kama kuku aliyenyeshewa. Mwalimu alikuwa msichana wa Kiingereza, mwembamba kama ufito, ana firimbi shingoni. Akatuambia tuingie upande wenye kina kifupi, tulale chali, tulegeze mwili, maji yatatubeba yenyewe.

Labda maji hayo hayakuambiwa kuhusu mimi. Nililala chali, nikalegeza mwili, nikaiona dari, halafu sikuiona tena. Maji yaliniingia puani, na Kiingereza chote nilichokikusanya kwa miaka zaidi ya ishirini kikanitoka kwa mpigo. Nilipoibuka nilikuwa nimeng'ang'ania kitu, sijui nini, huku napiga kelele.

"Mama yangu wee! Nakufa! Nakufa jamani, niokoeni!"

"Simama, dada," sauti ikasema. "Simama. Maji ni ya kiunoni."

Kwa Kiswahili. Nikasimama. Maji yalikuwa ya kiunoni.

Mbele yangu alisimama mwanamke wa Kihindi, wa rika langu au aliyenizidi kidogo, na kile nilichokishika kilikuwa mkanda wa vazi lake la kuogelea. Nilikuwa nimeuvuta kutoka begani mpaka karibu na kiwiko. Kwa mkono mmoja alikuwa anajistiri, na kwa mkono wa pili alikuwa amenishika mimi. Kichwani alivaa kofia ya mpira iliyotuna kama andazi lililokolea hamira, kwa sababu ndani yake mlikuwa na nywele ambazo hazijaguswa na mkasi tangu azaliwe.

"Umejuaje kwamba mimi ni Mswahili?" nikamuuliza huku nakohoa.

"Umeita mama yako. Mzungu akizama husema sori." Akautazama mkono wangu. "Sasa niachilie hiyo kamba, dada, kabla hawa wengine hawajanijua mimi pia."

Baada ya darasa tulikunywa chai kwenye mkahawa wa palepale bwawani. Akanieleza kwamba ni Kalasinga wa Kisumu. Babu yake alikuwa seremala, baba yake akafungua duka la vitambaa, na familia ilipohamia Uingereza, yeye akiwa msichana, duka la vitambaa likahama nao likafunguliwa Southall. Sasa yeye ndiye mwenye duka. Aliwahi kuolewa, akaondoka, hakuzaa. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki vilevile alivyokiacha Kisumu, kama chumba ambacho mtu amefunga mlango akaondoka na ufunguo.

"Nipe sukari," akaniambia.

"Kwetu tunasema, naomba sukari."

"Kwenu mtaomba mpaka chai ipoe." Akanyoosha mkono akaichukua mwenyewe. "Wewe unaongea kama taarifa ya habari. Endelea. Mimi napenda."

Sikukumbuka mara ya mwisho kuambiwa kwamba kitu ninachokifanya bila kujitahidi kinapendeza. Nikaendelea. Nilirudi nyumbani nywele zikinuka klorini, nikamwambia binti yangu kwamba nitarudi Jumamosi ijayo. Akashangaa. Alikuwa ameshajiandaa kubishana.

Jumamosi ya tatu yule Kalasinga akanialika Southall nikale chakula cha mchana. Tulikwenda kwa basi, tumekaa ghorofa ya juu, mbele kabisa, na yeye alikuwa amezifungua nywele zikauke. Nywele hizo zilikuwa nyeusi na nyeupe, ndefu hadi kwenye kiti, na kila basi lilipokata kona zilinigusa mkono. Nilikuwa nasimulia jambo fulani la kazini. Sikulimaliza. Mpaka leo sijui lilikuwa jambo gani.

Kwenye mgahawa akaagiza sahani ya kitu alichokiita mogo. Ikaletwa mihogo ya kukaanga, imepakwa pilipili na ndimu.

"Huu ni muhogo," nikasema.

"Ni mogo. Soma menyu."

"Mmelila neno la watu silabi nzima."

"Na bado tulikuwa na njaa," akajibu, akanisogezea sahani.

Tulibishana juu ya muhogo mpaka mhudumu akaanza kufagia miguuni petu. Halafu akanipeleka kuliona duka lake. Lilikuwa jembamba na refu, marobota ya vitambaa yamepangwa ukutani mpaka darini, na ngazi moja ya mbao ya kupandia. Kulikuwa na kabati la droo ndogo ndogo zenye vifungo, lesi, nyuzi na zipu. Nikaona si adabu kuingia dukani kwa mtu na kutoka mikono mitupu. Nikanunua zipu.

Wiki iliyofuata nilipita Southall siku ya Jumatano, siku yangu ya mapumziko, nikanunua zipu nyingine. Nilikuwa na sababu: ile ya kwanza ilikuwa ya bluu. Nikaja tena kununua ya kahawia. Nilikuwa nachagua zipu kama mtu anayechagua mchumba, nazivuta juu, nazivuta chini, nazipeleka mlangoni nizione kwenye mwanga, na yeye amesimama nyuma ya kaunta ameegemea viwiko ananitazama bila haraka. Siku moja binti yangu akafungua droo ya jikoni akitafuta kopo la bizari, akakuta zipu zimejaa tele.

"Mama," akasema kwa Kiingereza, taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, "sisi hatuna hata sindano."

Nikamwambia dunia ina mengi, mtu hajui lini atahitaji zipu.

Kwa wakati huo nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ninaumwa. Moyo ulikuwa unanidunda ovyo. Usingizi ulinikimbia. Chakula nilikipika kikaungua nikiwa nimesimama palepale mbele ya jiko. Mimi ni mtunza wazee. Kazi yetu ni kuwaogesha, kuwalisha na kuwapima presha, kwa hiyo nikamwomba mwenzangu wa kazini anipime na mimi. Yeye ni mama wa Goma, mlokole, mcheshi, mwenye moyo mpana na sauti pana zaidi. Alinifunga kile kitambaa mkononi, akatazama namba, akakifungua.

"Presha yako iko muzuri kupita yangu," akasema. "Weye hauna ugonjwa. Weye uko na upweke. Mi nitakutafutia bwana."

Bwana, kwa maana ya mume. Nilipinga, lakini kupingana na mama yule ni sawa na kupingana na lifti: utaongea, na yeye atapanda tu. Kabla wiki haijaisha alikuwa amempata mjane wa kanisani kwao, mtu wa Bukavu, dereva wa basi, mpole, asiyekunywa pombe. Tukapangiwa kula chakula cha mchana kwenye mgahawa mmoja hapa Wembley, Jumamosi, baada ya darasa langu la kuogelea.

Siku hiyo London ilikuwa imewaka. Lami ilikuwa inanata viatuni. Mjane wa watu alikuwa amekuja na suti kamili, na kizibao ndani, na tai, na leso ya kujifutia jasho ambayo ilikuwa imekwisha kushindwa na kazi. Alinivutia kiti. Akaagiza samaki wa kuchoma. Alikuwa mtu mzuri kweli, hilo nalisema wazi, na kama kungekuwa na haki duniani ningempenda palepale.

"Mama," akaanza, "mbali na kazi, unapendaka kufanya nini?"

"Naogelea," nikasema.

Na hapo mdomo ukafunguka. Nikamwambia jinsi nilivyozama kwenye maji ya kiunoni. Nikamwambia nani aliniambia nisimame. Nikamwambia kuhusu kofia iliyotuna kama andazi, na mogo, na duka, na ile ngazi anayoipanda bila kushika mahali, mtu wa umri ule, mimi roho mkononi. Nikaigiza anavyocheka, maana huwa anaanza kimyakimya kwa mabega, sauti inafuata baadaye. Samaki akaletwa. Samaki akapoa. Mjane alikuwa anatikisa kichwa, anajifuta jasho, anatikisa kichwa. Mwisho akaweka uma chini.

"Mama, nikuulize kitu, usikasirike?"

"Uliza tu, baba."

"Tangu tumeikala hapa, umesema juu ya uyu rafiki yako. Namna anacheka. Namna anafunga nywele. Kama polisi wanakuja sasa kuniuliza, mi naweza kumuchora." Akatabasamu kidogo. "Bibi yangu, wakati alikuwa angali muzima, mi pia nilikuwa nasema juu yake vile. Watu walikuwa wananikimbia."

Kwao bibi ni mke. Nilijua hivyo, lakini nilisubiri kidogo nikitumaini kwamba labda amemaanisha nyanya yake.

"Ni rafiki yangu," nikasema.

"Ndiyo, mama. Hata bibi yangu alikuwa rafiki yangu."

Hakusema kwa ubaya. Alimwita mhudumu, akaomba samaki wangu afungwe kwenye boksi niende naye nyumbani, akanisindikiza mpaka mlangoni, akanipa mkono kama mtu anayeaga msibani. Kisha akavua koti, hatimaye, akaenda zake.

Nilipotoka nje nikakutana na umati. Kwenye uwanja mkubwa wa mpira wa Wembley kulikuwa na tamasha la muziki siku hiyo, na barabara nzima ilikuwa imejaa wasichana waliojipaka vumbi la kumetameta, maelfu kwa maelfu, wote wanakwenda huko na mimi peke yangu narudi. Nilipigwa vikumbo huku nimekumbatia samaki wangu. Mmoja wao akanionea huruma, au labda alifurahi tu, akanivisha kofia yake ya waridi yenye manyoya na kunibusu shavuni. Nikasonga mbele nayo kichwani. Sikuwa na mkono wa kuivulia.

Katika Kiswahili tuna neno moja ambalo sijaliona katika lugha nyingine ninazozijua, nalo ni kumbe. Mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kulihitaji sana. Mimi siku ile lilinijia mfululizo, kama kwikwi. Kumbe. Kumbe kati yangu na yule msichana wa shule ya bweni Korogwe, niliyekuwa namfulia sare zake bila kuombwa na nikalia wiki nzima alipohamishwa, haukuwa urafiki tu. Kumbe katika ndoa yangu sikuwa mwanamke baridi, kama nilivyoambiwa nikakubali. Mume wangu alikuwa mtu wa kawaida, hakunipiga, hakuninyanyasa, na nilipoachana naye nilihisi kama mtu aliyeteremka kwenye basi ambalo halikuwa lake. Nilidhani wanawake wote ni hivyo. Nilidhani nyimbo zote zile za mapenzi watu huzitunga kwa kutia chumvi. Kumbe walikuwa wanatoa taarifa.

Nilimkuta binti yangu sebuleni, feni imemwelekea usoni. Nikakaa. Nikamwambia, nikiwa bado na kofia ya manyoya, kwamba nina jambo zito. Nikazunguka, nikapitia Tanga, nikapitia Korogwe, nikafika bwawani, nikasema nadhani ninampenda yule mama wa Southall, na si kama rafiki.

Akaizima feni.

"Okei," akasema. "Yule mama wa zipu."

"Ulijua?"

Akaniambia kwa Kiingereza kwamba hata mtu wa kuleta vifurushi anajua. Halafu akaja akakaa karibu yangu, akaegemeza kichwa begani kwangu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Kwa Kiswahili, kile cha kuchechemea ambacho hukitoa mara moja kwa mwaka, akasema, "Mama, wewe sawa. Hakuna mbaya." Na kisha, "Huyo ni samaki?"

Tukala samaki wa mjane, mkono kwa mkono kwenye boksi.

Ungedhani baada ya hapo nilikwenda mbio Southall. Sikwenda. Nilikaa Jumamosi mbili bila kwenda kuogelea, na Jumatano zake nikazifanya za kufua mapazia. Nilikuwa naogopa. Kupenda mtu ukubwani ni jambo moja. Kumwambia mtu ambaye umekuwa ukimwita dada miezi miwili ni jambo jingine. Aliniachia ujumbe wa sauti: "Wee, umepotelea wapi? Mwalimu anauliza. Nimemwambia umezama kwako." Niliusikiliza ujumbe huo mara nyingi kuliko ulivyostahili, mpaka binti yangu akatishia kuninyang'anya simu.

Jumamosi iliyofuata nikaoga, nikavaa gauni la kitenge, nikapanda basi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Sikuwa nimepanga kwamba Southall ni Southall na msimu wa harusi ni msimu wa harusi. Duka lilikuwa limejaa ukoo mzima: bibi harusi, mama yake, mashangazi, wote wanaongea Kipunjabi na Kiingereza kwa wakati mmoja, na bibi kizee wao amekalishwa kwenye kiti pekee kilichokuwepo, ana kikombe cha chai. Mwenye duka mwenyewe alikuwa juu ya ngazi, anavuta robota la hariri nyekundu.

"Umefufuka!" akanipigia kelele kwa Kiswahili kutoka juu.

"Nimekuja kukuambia kitu. Nitasubiri."

"Sema tu. Mikono ndiyo ina kazi, masikio yapo."

Nikawatazama wateja. Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Kiswahili kilikuwa pazia letu, nilijiambia, na nikiondoka bila kusema leo nitafua mapazia mpaka nife.

"Mimi nakupenda," nikasema. "Si kama dada. Nimejaribu kama dada, imeshindikana."

Robota likamponyoka. Likaanguka sakafuni kwa kishindo, likajiviringisha lenyewe likitandika hariri nyekundu katikati ya duka, likapita miguuni mwa bibi harusi na kukoma mlangoni. Kila mtu akanyamaza. Yeye alikuwa bado juu, ameshika ngazi kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Ndipo bibi kizee akashusha kikombe chake.

"Amesema anakupenda," akamwambia, kwa Kiswahili safi. "Mimi mzaliwa wa Nakuru, nimesikia yote. Mjibu mtu, usimwache amesimama hivyo. Na ukishamjibu utuletee nyekundu nyingine, hii imeguza chini."

Nilitamani sakafu ipasuke. Alishuka ngazi polepole, akaikanyaga hariri ile bila kuitazama, akaja mpaka nilipo.

"Zipu zote zile," akasema. "Nilifikiri utamaliza duka kabla hujasema."

"Kwa nini wewe hukusema?"

"Mtu ananiita dada asubuhi, mchana, jioni. Nitasema nini?"

"Ungeniambia nisikuite."

"Nilikuwa napenda vile unalisema." Akageuka akawaambia wateja kitu kwa Kipunjabi, nadhani kwamba anakwenda kuangalia stoo, akanishika mkono. Stoo ilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, kimejaa maboksi ya lesi. Hapo ndipo nilipobusiwa kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na nasema mara ya kwanza nikijua nina mtoto wa miaka ishirini. Haikuchukua muda mrefu. Shangazi mmoja alikuwa anagonga mlango akiuliza habari za lesi. Nilipotoka pale nikamkuta bibi kizee ananitazama juu ya kikombe.

"Sasa tunaweza kuendelea?" akauliza.

Mwenye duka alikuwa amejijua tangu ujana wake, akanieleza jioni ile, tukikunja hariri. Aliolewa kwa sababu kila mtu aliolewa, akaondoka kwa sababu hakuweza kupumua. Alikuwa na mwenzake kwa miaka kadhaa, mwanamke, mwalimu wa shule, wakaachana bila ugomvi. Mimi nilikuwa nachelewa kwa kila kitu. Yeye alikuwa ameshafika zamani, ameketi, ananisubiri na mogo.

Tatizo likawa jina la kuitana. Dada lilikuwa limekufa. Mpenzi lilinishinda kutamka. Nilijaribu mara moja tukiwa kwenye basi nikapaliwa na mate. Yeye alipendekeza "mzee", kama Wakenya wanavyoitana, nikakataa. Mwisho tukatua kwenye "mwenzangu", neno ambalo halimdanganyi mtu na halimwambii mtu.

Halikumtosha mama wa Goma. Alikuja kwangu Jumapili moja bila kupiga simu, kama tunavyofanya sisi, kufuatilia habari za mjane wake, na akamkuta jikoni kwangu mwanamke mwenye nywele hadi kiunoni anamenya vitunguu.

"Huyu ni mwenzangu," nikasema.

"Mwenzako wa nini? Wa kazi?"

"Hapana."

"Wa nyumba?"

"Hapana. Mwenzangu tu."

Akamtazama, akanitazama, akatazama vitunguu. Akili yake ni kali sana. Alikunywa maji nusu glasi, akaaga.

Wiki zilizofuata hazikuwa za kuchekesha. Tulifanya kazi shifti zilezile, tukawageuza wazee kitandani mimi huku yeye kule, na neno lake pekee lilikuwa, "Shika shuka." Mtu ambaye alikuwa anaimba korido nzima akawa ananipita kama ukuta. Niliumia kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Kwa ukimya wake sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa narudi nyumbani najiuliza kama furaha yote ina mtu wake wa kuikasirikia.

Kisha siku moja tukiwa tunatandika kitanda, akasema bila kunitazama, "Mi naomba Mungu juu yako kila siku."

"Asante."

"Usiseme asante. Bado sijui namuomba nini. Nafunga macho, nasema jina lako, napotea." Akapiga mto ngumi mbili. "Anajua kupika sombe?"

"Hajui."

"Ndiyo ile nilikuwa nafikiri. Mwambie akuje siku ya Mungu, kanisa ikiisha, nimufundishe. Sijasema nimekubali. Nimesema sombe."

Alikwenda. Alitwanga majani ya muhogo, maana sombe ndiyo kisamvu chetu, mpaka bega likamuuma, na walibishana juu ya chumvi kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Mama wa Goma bado hajasema amekubali. Lakini mwezi uliopita aliniuliza, kwa hasira, kwa nini mwenzangu haonekani siku hizi, wakati mimi nilidhani yeye ndiye hataki kumwona.

Upande wa Southall yupo mama mmoja tu wa kuogopwa, mama mzazi wa mwenzangu. Anakaribia miaka tisini, anaishi vyumba vya juu ya duka, anasikia anachotaka kusikia. Siku ya kwanza nilipopandishwa kusalimia, nilikuwa natoka kazini moja kwa moja, na sare yangu ya bluu mwilini. Kabla mwenzangu hajafungua mdomo, mama yake akanitazama toka juu hadi chini na kusema kwa Kiswahili cha Kisumu, "Mzuri. Huyu ni kea mpya. Yule wa zamani alikuwa anachelewa."

Tukatazamana. Kea ni sisi, watunza wazee wa kulipwa. Mwenzangu akaanza kucheka kwa mabega.

"Ndiyo, mama," nikasema, kwa sababu nilikuwa mgeni na sikuwa na la kusema. "Shikamoo."

Hakuitikia. Alivua soksi, akaninyooshea mguu wa kulia. Kucha zake zilikuwa zimekua vibaya. Nikaomba beseni la maji ya moto, nikakaa chini, nikamkata kucha, na kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nilizikata vizuri. Akasinzia katikati, nikamwacha.

Nikawa nakwenda kila wiki. Nilivaa nguo zangu za kawaida, nililala kule, niliamka nikapika uji, na mwenzangu alimweleza mara mbili, polepole, kwa Kipunjabi, mimi ni nani kwake. Mama yake alijibu kwamba chai imepungua tangawizi. Tulikubaliana kwamba labda hajaelewa, na labda ni heri.

Wiki iliyopita nilikuwa chini kwenye zulia tena, na beseni, na mkasi. Mwenzangu alikuwa dukani. Mama yake akainama akanishika kidevu, akaniinua uso nimtazame.

"Kea wengine huenda nyumbani saa kumi," akasema. "Wewe unabaki. Unakula hapa, unalala hapa, unacheka jikoni na mtoto yangu mpaka mimi silali. Nani anakulipa?"

"Hanilipi mtu, mama."

Akaniachia kidevu. Chini tulisikia kengele ya mlango wa duka, na sauti ya mwenzangu ikimkaribisha mteja.

"Haya," akasema, akajiegemeza vizuri kwenye kiti chake. "Kata na huu mguu mwingine."